Mahari ya Kadzo

Kwetu Kilifi paka huyu hana bei. Anazunguka mashambani ukingoni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke, anawinda panya na mijusi, na akijaribu kuingia jikoni anatimuliwa kwa mwiko. Akishafika Nairobi ndipo anapoitwa Sokoke, anapata hati ya ukoo, na watu wanamuulizia kwa dola.

Historia yake naijua kwa moyo kwa sababu niliisimulia mara nyingi nikimbembeleza mke wangu. Kwamba mwaka 1978 Jeni Slater, aliyekuwa akiishi huko kwetu pwani, alikuta paka na watoto wake porini, manyoya yao yana mabaka ya kahawia kama gome la mti, akawachukua akawafuga. Kwamba rafiki yake, Gloria Moeldrup, aliwapeleka baadhi Denmark, na kwamba kufikia miaka ya 1990 shirikisho la kimataifa la wafugaji wa paka, FIFe, lilikuwa limewatambua rasmi. Mke wangu alinisikiliza hadi mwisho.

"Na hao wa Denmark wanakula nini?"

"Nyama."

"Sawa," akasema, akaendelea kukatakata sukuma.

Lakini alikubali, na ndivyo Kadzo, Sokoke wetu, alivyohamia kwetu Umoja, ghorofa ya tatu. Alikuja mwezi wa Julai, na Sokoke hana yale manyoya laini ya ndani yanayowakinga paka wengine na baridi. Julai ya Nairobi ilimkuta mtoto wa pwani akiwa na shati moja. Akakagua nyumba nzima akitafuta joto, akalipata juu ya king'amuzi, na kuanzia hapo tulitazama taarifa ya habari huku mkia umening'inia usoni mwa msomaji.

Jambo jingine ni mwendo. Miguu yake ya nyuma ni mirefu kuliko ya mbele, hivyo hutembea kana kwamba ananyata. Watu wa paka hulipia mwendo huo. Mlinzi wa ploti yetu aliutazama siku moja pale kwenye ngazi, akavua kofia, akaniambia kwa sauti ya chini, "Bosi, paka anayetembea kwa ncha za vidole ametumwa."

Nisingejali, ila wiki hiyo hiyo Kadzo alianza kutafuta dume. Asiyewahi kukaa na paka jike katika hali hiyo asijidai anajua kelele. Alilia usiku kucha kwa sauti ya mtu anayedai haki yake mahakamani. Mchungaji wa ghorofa ya pili aligonga mlango saa nane za usiku akiwa na Biblia na tochi, akauliza kwa upole kama kuna mgonjwa humu ndani.

Dume halisi wa Sokoke nilimpata Lang'ata, kwa mzee mmoja mstaafu mwenye bustani kubwa. Masharti yake yalikuwa mawili: shilingi elfu kumi na tano mkononi, na yeye ndiye wa kwanza kuchagua mtoto. Nikalipa. Shangazi yangu, aliyekuwa amekuja kutoka Kilifi kwa matibabu ya macho, alipopata habari hiyo aliweka kikombe chini.

"Mwanangu, Kadzo ni wa kike?"

"Ndiyo, shangazi."

"Na wewe ndiye uliyelipa?" Akamgeukia mke wangu. "Tangu lini upande wa mwari ukatoa mahari?"

Kadzo alikaa Lang'ata siku kadhaa, akarudi kwa teksi akiwa ametulia. Alitulia mpaka magharibi. Kisha akaanza upya. Nilidhani kazi ikifanyika imefanyika, kumbe paka jike huweza kuendelea kutafuta dume kwa siku kadhaa hata baada ya kupandwa. Na dirisha la bafu letu lilikuwa limepungukiwa kioo kimoja tangu tuhamie; mwenye nyumba aliahidi kukirudisha, na mpaka leo anaahidi.

Chini ya ploti kuna bucha. Bucha hiyo ina paka dume mwekundu, shingo nene, sikio moja limechanika, mtaa mzima unamwita Gavana kwa vile hula kila mahali na haulizwi. Asubuhi tulimkuta Kadzo kule juu kwenye kamba za nguo, amelala juani juu ya shuka za mchungaji. Gavana alikuwa kando yake akijilamba.

Daktari wa mifugo alinipa matumaini ya ajabu. Alisema paka jike huachilia mayai baada ya kupandwa, kwa hiyo akikutana na madume wawili, uzao mmoja unaweza kuwa na baba wawili. "Kwa hiyo," nikamwambia, "wengine watakuwa wa Lang'ata." Akajibu kwamba inawezekana, kwa sauti ambayo sikuipenda.

Baada ya kama wiki tisa Kadzo alizaa wanne ndani ya sanduku la nguo za kanisani. Madume wawili walikuwa wa kahawia, mabaka yamekaa sawasawa, picha ya mama yao. Majike wawili walikuwa na mabaka hayo hayo, ila yamenyunyiziwa rangi ya chungwa toka puani hadi mkiani. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: wavulana wa Lang'ata, wasichana wa bucha. Mzee wa Lang'ata alikuja kutazama, nikamwonyesha wavulana peke yao, akachagua mmoja, akamsifu kidevu.

Walipofikisha miezi minne na ushei yakawepo maonyesho madogo ya wanyama wa nyumbani katika ukumbi mmoja upande wa Lavington. Nikawapeleka Kadzo na wavulana wake. Vizimba vyao nilivitandika leso mpya. Mwamuzi alikuwa mama mmoja mwenye miwani mnyororoni. Alimnyanyua kijana wangu wa kwanza, akamnyoosha, akampima mkia, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mzee wa Lang'ata alisimama kando amevaa tai, akiwaambia waliokuwa karibu kwamba damu hiyo ni ya kwake.

Ndipo nikasikia sauti ninayoifahamu ikisalimia ukumbi mzima, "Hodi humu!"

Shangazi alikuwa amepanda matatu mbili. Mkononi alikuwa na kiondo, na ndani ya kiondo vichwa viwili vya rangi ya chungwa vilikuwa vinachungulia.

"Umewasahau wasichana," akasema. "Nikaona ni aibu, watoto wa tumbo moja, wengine waje sherehe wengine wabaki nyumbani."

Mwamuzi aliwatazama wasichana, akawatazama wavulana, akavua miwani. Nikaharakisha kumweleza habari ya baba wawili. Akaniacha nimalize, kisha akanifundisha kwa subira kubwa, watu wakiwa wamejaa. Rangi nyekundu ya paka imo katika kromosomu ya X. Baba mwekundu humpa kila binti X yake, ndiyo sababu mabinti huonekana. Mtoto wa kiume hupata Y tu kwa baba. Wekundu, akiwa nao, huutoa kwa mama.

"Kwa hiyo hawa wavulana?" nikauliza.

"Wanaweza kuwa wa yeyote. Huyo mwekundu ana milia au mabaka?"

Nikamkumbuka Gavana ubavuni. "Mabaka."

"Basi hata hilo halitusaidii."

Mtu mmoja nyuma akataja kipimo cha DNA. Mzee wa Lang'ata akasema kwamba paka wake hapimwi kwa kesi za mitaani, akamrudisha kijana aliyemchagua kizimbani kwa vidole viwili, akaondoka. Elfu kumi na tano hakuitaja, nami nilipoitaja alikuwa keshawasha gari.

Jumapili yake mwenye bucha akapanda hadi kwetu, koti jeupe, Gavana kwapani. Shangazi ndiye aliyekuwa amempa habari zote, alipoteremka kununua matumbo.

"Bosi, nasikia ule mzee alilipwa," akasema. "Na kazi ni ya huyu."

Kabla sijafungua mdomo shangazi alikuwa ameshavuta kiti. "Karibu mkwe, keti. Sisi tulishatoa, na tulitoa kwa mtu asiye na mtoto wa kuonyesha. Wewe una mabinti wawili humu ndani, hukuleta hata kanga. Waliolelewa wamelelewa, waliokula wamekula. Hebu tuambie wazee wako wanakuja lini."

Mwenye bucha alinitazama mimi. Nikamtazama Gavana. Alikaa kidogo, akanywa chai, akashuka, na baada ya muda akarudi na mfuko wa kilo tatu, nyama ya mbavu.

Mke wangu akaupokea, akauchungulia, akauliza kama Kadzo ana dada.