Amplifaya ya tyubu yenye kazi mbili: faida na gharama zake

Mwenye nyumba ndogo ya Ipagala au Nkuhungu, hapa Dodoma, anayesikiliza muziki kwa hedifoni usiku ili asiwaamshe watoto na kufungulia spika mchana, huvutiwa upesi na amplifaya ya tyubu (chupa ya kioo yenye uzi wa moto, inayokuza sauti) inayofanya kazi mbili: kuendesha hedifoni, na kuwa priampu, yaani kifaa kinachopokea sauti kutoka kwenye chanzo, kuidhibiti na kuipeleka kwenye amplifaya ya spika. Wanaoitetea husema sanduku moja linatosha. Wanaoipinga husema kifaa cha kazi mbili hakifanyi hata moja vizuri. Nimekaa na kifaa cha aina hiyo muda wa kutosha kuona kwamba pande zote mbili zinasahau jambo moja: kazi hizo hazidai kitu kimoja kwa tyubu.

Kazi ngumu ni ya hedifoni. Amplifaya nyingi za bei ya wastani hazina transfoma ya kutolea sauti, ile inayolinganisha tyubu na hedifoni. Sauti hutoka kwenye tyubu ikapita kwenye kapasita, kijenzi kinachopitisha sauti na kuzuia umeme wa moja kwa moja, na ukinzani wa tundu la hedifoni waweza kufika omu 100 au zaidi. Hedifoni kama Sennheiser HD 600, zenye omu 300 ambazo hupanda hadi karibu 500 kwenye besi, hazisumbuki: besi huongezeka kwa takriban desibeli 1, na wengi huupenda unono huo. Chomeka hedifoni za omu 32 hapo hapo na hesabu inageuka. Kapasita ya mikrofaradi 100, ambayo kwa omu 300 huanza kupunguza besi kwenye hezi 5 tu, kwa omu 32, ukinzani wa tundu ukiwa mdogo, huanza kwenye hezi 50, mahali ambapo gitaa la besi linaishi. Zaidi ya hapo, tyubu hulazimika kutoa mkondo ambao haikuumbiwa kuutoa, na sauti hukwaruza.

Kazi ya priampu ni nyepesi. Amplifaya ya spika huhitaji volti moja au mbili, na mkondo kidogo mno. Kinachotakiwa kuangaliwa ni ukinzani wa upande wake wa kuingilia: spika nyingi zenye amplifaya ndani zina omu 10,000, na priampu yenye kapasita ya mikrofaradi 0.47 itaanza kupunguza besi kwenye hezi 34. Ikiwa kapasita ni ya mikrofaradi 1, mpaka unashuka hadi hezi 16, na hapo hakuna cha kulalamikia.

Wepesi huo ndio unaonifanya nitilie shaka ahadi ya kwamba priampu itazipa spika “sauti ya tyubu”. Tyubu ya triodi, aina iliyo rahisi zaidi ya kukuza sauti, huongeza oktavu hafifu juu ya kila noti, na sikio huipokea kama ulaini. Lakini ikifanya kazi nyepesi huongeza kidogo sana, na mtu aweza kulipia ladha asiyoisikia. Kwangu mimi hilo si hasara. Rekodi ninazojaribia kifaa chochote ni za mwanamuziki marehemu Hukwe Zawose, na ilimba ya Wagogo, ala ya ndimi za chuma zilizofungwa kwenye sanduku, ina mvumo wake wa makusudi: tundu la sanduku hufunikwa kwa utando wa buibui, nao hutetema kila ulimi wa chuma unapoguswa. Nataka kuusikia mvumo huo jinsi mpigaji alivyouacha, bila kuongezewa mwingine.

Gharama ya kweli, kwa huku kwetu, iko kwenye umeme. Jioni moja ulikatika ukarudi baada ya sekunde chache, swichi zote zikiwa zimewashwa. Nyuzi za tyubu zilikuwa zinaanza tu kuwa nyekundu pale spika ya kushoto ilipotoa kishindo. Koni ya besi ikasukumika mbele, ikakaa hapo kitambo, kisha ikarudi taratibu. Priampu yenye relei ya kuchelewesha, yaani swichi inayojiendesha yenyewe, ingeifunga njia ya sauti mpaka volti zitulie. Isiyo nayo humlazimu mwenyewe kuwasha amplifaya ya spika mwisho na kuizima kwanza, na umeme unaokatika haufuati utaratibu huo. Volti nazo zina lao: uzi wa volti 6.3 usio na kidhibiti hupata kama 5.5 umeme ukishuka kutoka 230 hadi 200, ilhali tyubu nyingi huvumilia tofauti ya asilimia 10 tu. Stebilaiza, kifaa cha kutuliza volti, ni sehemu ya bei ya kifaa hiki.

Kisha kuna uchakavu. Kila saa ya spika za mchana hula umri wa tyubu ambazo lazima ziagizwe kutoka nje, na uzi wa tyubu moja ya aina ya 6080, inayotumika kuendesha hedifoni, peke yake hula karibu wati 16, joto ambalo Oktoba ya Dodoma haihitaji kuongezewa.

Mwenye hedifoni za omu 300, pamoja na amplifaya ya spika yenye ukinzani wa kuingilia wa omu 20,000 au zaidi, namshauri aichukue bila hofu, mradi ina relei na tundu la priampu hunyamaza hedifoni zikichomekwa. Mwenye hedifoni za omu 32 atafute ya mseto, yenye tyubu mbele na transista nyuma. Na anayesikiliza spika kutwa nzima na hedifoni mara moja kwa wiki, ningependa anunue priampu ya transista, na fedha inayobaki iende kwenye stebilaiza.