Victoria Baths ya Manchester: jengo limepona, waogeleaji je?

Mbele ya Victoria Baths, jengo la bafu na mabwawa ya umma kwenye barabara ya Hathersage jijini Manchester, kuna milango mitatu na kila mmoja umeandikwa juu yake: wanaume daraja la kwanza, wanaume daraja la pili, wanawake. Jengo lilifunguliwa mwaka 1906 kwa zaidi ya pauni 59,000, fedha za kutisha kwa bafu la umma la zama zile. Ndani kuna vigae vya kung'aa, vioo vya rangi, mabwawa matatu na hamamu ya Kituruki, yaani vyumba vya joto vya kutoa jasho.

Maji yalitoka kisimani palepale. Yalijazwa kwanza bwawa la daraja la kwanza, yakishatumika yakapelekwa la pili, na mwishowe wanawake ndio wakaachiwa. Aliyelipa zaidi aliogelea maji mapya. Wengine waliogelea jasho la waliowatangulia. Wanaoukumbuka mradi huu kama zawadi kwa wanyonge wasiusahau mpangilio huo wa maji.

Halmashauri ya jiji ilipolifunga jengo mwaka 1993, haikukosa hoja. Mabafu haya yalijengwa kwa sababu nyumba nyingi za wafanyakazi hazikuwa na pa kuogea. Baada ya bafu kuingia majumbani, nusu ya kazi yake ilikwisha, huku mapaa yake makubwa ya vioo yakiendelea kudai matengenezo.

Lakini hoja hiyo inaishia bafuni. Hakuna bafu la nyumbani linalomfundisha mtoto kuogelea. Sunny Lowry, mwanamke aliyeogelea mwaka 1933 kuvuka Mlango wa Uingereza, bahari iliyo kati ya Uingereza na Ufaransa, alifanyia mazoezi humu. Majira ya baridi bwawa kuu lilifunikwa kwa sakafu, watu wakacheza dansi. Hapo halmashauri ilipiga hesabu ya gharama na kuiacha ya faida, na mimi naona ilikosea.

Mwaka 2003 watazamaji wa kipindi cha BBC kiitwacho Restoration, kilichoshindanisha majengo ya kale yaliyohitaji kuokolewa, walilipigia jengo kura likashinda, na zaidi ya pauni milioni 3 zikapatikana. Fedha zilikwenda kwenye kuta na mapaa, na ilibidi iwe hivyo, kwani paa likivuja hakuna cha kuokoa tena. Ila leo humo hufanyika zaidi ziara, harusi na upigaji wa filamu kuliko kuogelea. Ningekuwa na fungu la pili, ningeanza na hamamu: ni ndogo kuliko bwawa, haihitaji maji mengi, na mteja wake yuko tayari kulipa.