Chicago, Chicago, kila siku Chicago

Nimekutana tena na ile hadithi: eti jengo la kwanza duniani kubebwa na kiunzi cha chuma ni Home Insurance la Chicago, 1885. Nikauliza, na kinu cha chokoleti cha Noisiel je? Nikajibiwa kwa kicheko kwamba hicho ni kiwanda cha peremende. Kwani peremende ni dhambi?

Kinu hicho cha ukoo wa Menier, juu ya mto Marne, mashariki mwa Paris, kilikamilika 1872. Msanifu majengo Jules Saulnier alipewa kazi ngumu: kusimamisha ghorofa kadhaa juu ya nguzo za mawe zilizo ndani ya mto, huku maji yakipita katikati yake kuzungusha mitambo. Kuta nene zingezielemea nguzo zile. Basi akaunda kiunzi cha chuma, mzigo ukashukia humo hadi chini, matofali yakabaki ya kuziba nafasi. Aliyewahi kujenga nyumba ya udongo anaelewa hili bila chuo: fito zinabeba, udongo unaziba tu.

Na hakukificha! Wenzake wengi walikivisha chuma mawe kana kwamba ni kitu cha aibu. Yeye akakianika: vyuma vya mshazari vinakatizana ukutani kote, vikilikaza jengo lisiyumbe. Katikati yake akapanga matofali ya rangi na vigae vya maua ya mkakao. Maua, jamani, kwenye kinu! Siku hizi mwenye kiwanda akipaka mabati rangi ya pili anajiona mfadhili wa sanaa.

(Menier mwenyewe alipoanza pale 1825 alikuwa anasaga dawa. Chokoleti ilikuwa ya kufunika uchungu.)

Haya, nakubali shingo upande: Waingereza walikuwa na ghala la mashua la Sheerness, la chuma, tangu 1860. Na kinu cha Saulnier hakifiki ghorofa kumi kama lile la Chicago. Lakini hoja ya Sheerness inaisogeza Chicago nyuma zaidi kwenye foleni, haiipandishi! Tena jengo hilo la Chicago bado lilikuwa na kuta za matofali zilizobeba sehemu ya mzigo. Hilo huwa halisimuliwi.

Home Insurance lilibomolewa 1931. Kinu cha Noisiel kiliwekwa kwenye orodha ya majengo ya kihistoria ya Ufaransa 1992, na hadi leo kimesimama mtoni. Anayebisha aende akakitazame.