Mshenga wa Pikapu

Kikao cha mahari ya mdogo wangu kilipangwa Jumamosi moja ya Aprili, na mshenga nilikuwa mimi. Nalisema hilo mapema kabisa kwa sababu ukweni kule wapo watu ambao hadi leo hawalijui.

Tulipanda Noah ya kuazima: Baba Mkubwa, Mjomba, Shangazi, jirani mmoja aliyekuja kwa ajili ya chakula na wala hakuficha, binamu yangu kwenye usukani, na mimi kiti cha mbele, suti mpya, bahasha mfukoni. Baba Mkubwa ni mtu wa Ukerewe. Tangu tunatoka Nyakato alikuwa ananung'unika kwa nini kijana hakutafuta mke Nansio, mahali mtu anafika kwa meli akiwa msafi. "Ziwani hakuna mtaro," alisema. Tukacheka sana.

Igoma, Kisesa, Nyanguge, lami safi. Kisha tukakata kulia, lami ikaisha, na usiku kucha mvua ilikuwa imenyesha. Aliyewahi kuishi Usukumani anaujua ule udongo mweusi wa mbuga. Kiangazi unapasuka nyufa za kumeza mguu wa mtoto. Ukilowa unavimba, unalainika, unajaa kwenye kashata za tairi mpaka tairi zima linakuwa kipara hata kama umelinunua jana. Kwa majaruba ya mpunga hakuna udongo mzuri kuuzidi. Tena barabara zile zimeinuliwa katikati ili kila kinachoteleza kishuke pembeni, mtaroni. Aliyezichora alikuwa anafikiria maji.

Tuliteleza polepole mno. Shangazi aliwahi kufika katikati ya Salamu Maria. Gari likajizungusha lenyewe, pua ikaelekea Mwanza, mkia ukaelekea ukweni, kisha tairi za kushoto zikashuka mtaroni likalala ubavu. Kukawa kimya. Jirani akauliza kama chakula kitatusubiri.

Binamu alikanyaga mafuta, gari likazama. Akakanyaga tena, likazama zaidi. Mjomba, ambaye alikuwa karani wa mahakama mpaka anastaafu, alisimama juu akitoa maelekezo kwa sauti ya kusoma hukumu. Tukatia mawe, tukatia matawi, vyote vikaenda chini na hatukuviona tena. Watoto wakatokea, sijui wapi, maana hapakuwa na nyumba, wakajipanga ukingoni. Mmoja akatuuliza tutatolewa saa ngapi, ili akamwite na dada yake.

Ndipo ikaja pikapu. Hilux kuukuu, nyuma magunia machache ya dagaa, na utingo amelala juu yake. Suka alisimama mbali, pale palipokauka kidogo. Hakuzima injini, hakushuka. Alishusha kioo, akatutazama mmoja mmoja, akalitazama gari, akaitazama mbingu.

"Shikamooni wazee."

"Marahaba, mwanangu," akajibu Baba Mkubwa kwa upendo ambao sisi wanawe wa damu hatujawahi kuuonja.

"Poleni sana. Elfu hamsini."

Mjomba akaanza kumweleza habari za utu na kusaidiana njiani. Suka akamsikiliza mpaka nukta ya mwisho, kisha akauliza, "Na mmependeza hivyo, mnaenda wapi?"

Nilimkonyeza Shangazi. Hakuniona.

"Tunakwenda kupanga mahari, mwanangu!"

"Hongereni sana. Laki moja."

Wala hakuona haya kutufafanulia. Watu wa mahari, alisema, wana bahasha, wana haraka, na hawawezi kurudi nyumbani kusema wamekwama. "Mngekuwa mnatoka msibani ningewavuta bure." Mjomba akataja thelathini. Suka akaangalia mbingu: "Mvua hiyo inatoka ziwani." Akaachia klachi, pikapu ikajisogeza mbele hatua moja. Mjomba akasema arobaini. Ikajisogeza tena. Hamsini. Walipofika themanini Mjomba alikuwa anatembea na pikapu sambamba, ameshika kioo.

Utingo akashuka na kamba ya manila. Binamu akauliza pete ya kuvutia iko wapi. Gari nyingi za Japani huja na pete ya chuma ya kuskrubu, inakaa pamoja na jeki. Tukatafuta. Jeki ipo, spana ipo, pete haipo.

"Chuma chenye tundu kichwani?" akasema Shangazi. "Si ndicho mama mwenye gari anatwangia vitunguu swaumu?"

Suka akasema basi, bampa la nyuma litatosha. Halikutosha. Pikapu iliondoka na bampa peke yake, likaruka nyuma yake barabarani kama mbwa aliyefurahi kumwona bwana wake, na watoto wakapiga makofi. Suka akarudi kinyumenyume taratibu. "Hiyo ilikuwa ya kupima," akasema.

Kuanzia hapo, lazima nikiri, jamaa alionyesha kwamba kazi anaijua. Alimwingiza utingo chini ya gari mpaka kwenye chesesi, ndiko kamba ikafungwa. Katikati ya kamba akatundika gunia la dagaa, akatueleza kwamba kamba ikikatika inarudi na kichwa cha mtu, ila ikiwa imebeba uzito inaanguka chini. Watoto akawafukuza mpaka walipokuwa mbali kuliko urefu wa kamba, kisha akawafukuza tena. Akaingia garini, akavuta. Tairi za pikapu zikazunguka palepale.

"Weka foo wili!" binamu akapiga kelele.

"Propela ya mbele niliuza."

"Uliuza kwa nini?"

"Inakula mafuta."

Tatizo lilikuwa jepesi kulielewa. Pikapu ile inasukumwa na tairi za nyuma, na nyuma kulikuwa na dagaa wakavu, mzigo mkubwa kwa macho lakini mwepesi kwa mzani. "Nataka uzito," suka akasema. "Wazee, pandeni."

Wakapanda. Baba Mkubwa na kofia yake ya safari, Mjomba na faili lake, jirani akiuliza kama huku ni kuelekea kwenye chakula. Shangazi kupanda ilikuwa shughuli: mkoba ulitangulia, kitenge kikafuata, mwenyewe mwisho. Alipotua juu ya gunia hakukaa hata dakika, mkono ukaingia ndani. Shangazi ni mfanyabiashara wa Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza. Akanusa, akatafuna mmoja, meno yakasaga.

"Hawa wameanikwa mchangani. Hawajaona chanja hawa."

Suka akatoa kichwa dirishani. "Mama, tuvute gari kwanza."

Binamu akakaa kwenye usukani wa Noah. Kwa hiyo wa kusukuma nikabaki mimi, na suti. Kabla ya kuondoka suka akatutangazia jambo moja: "Ikitoka, mimi sisimami. Kwenye mbuga ukisimama umelala. Nitasimama penye changarawe." Hakuna aliyeuliza changarawe iko wapi.

Injini ikanguruma, moshi ukatanda, kamba ikakaza mpaka ikaimba. Noah ikatikisika, ikapanda kidogo, ikarudi, ikapanda tena. Tairi zake za nyuma zilikuwa zinachimba udongo na kuutupa, na mahali pa kuutupia palikuwa pamoja tu. Halafu, ghafla, ikaruka juu ya barabara. Fundo la upande wa pikapu likafunguka, kamba ikarudi na gunia lake, gunia likanipata begani likapasuka. Dagaa kichwani, dagaa kwenye kola, dagaa mifukoni. Nilipofungua macho niliona pikapu inakwea kilima bila kupunguza mwendo, Baba Mkubwa ameshikilia kofia, na Shangazi anapunga mkono. Alikuwa anaomba msaada au anaaga? Mwenyewe anasema hakumbuki.

Noah ilikataa kuwaka. Binamu akabaki nayo, watoto wakabaki na binamu, mimi nikavua viatu nikaanza kutembea.

Changarawe tuliyoahidiwa ilikuwa ukweni. Mzee mwenye binti alikuwa amemwaga lori zima uani kwa heshima yetu, na suka, mtu wa neno lake, alisimama hapo hapo. Nilipoingia uani hatimaye, pikapu ilikuwa imepoa na vikao vimeshaanza. Mama wa binti alinikuta mlangoni, akanipandisha na kunishusha: miguu mitupu, tope mpaka kwenye nyusi, harufu ya mwalo mzima.

"Mwadila," akanisalimu kwa Kisukuma. "Masikini, utingo mwingine huyu alisahauliwa njiani. Mpeni maji kule nyuma, ale na mwenzake."

Nikafungua mdomo. Baba Mkubwa akatoka sebuleni upesi kuliko umri wake unavyoruhusu, akanivuta pembeni ya choo.

"Nyamaza, mwanangu."

"Baba Mkubwa, mshenga ni mimi!"

"Tulipofika wakauliza, nani aliyewaleta? Suka akajibu, ni mimi. Wakampa kiti." Akatazama nyuma. "Na ng'ombe walikuwa ishirini. Sasa hivi wako kumi na sita. Tukisema leo kwamba mshenga si huyo, watatupiga faini ya udanganyifu na tutarudi kwenye ishirini. Vumilia."

Nikavumilia. Niliketi chini ya dirisha na utingo mwenzangu, tukawa tunasikia kila kitu. Suka alikuwa anafanya kilekile alichotufanyia barabarani. Mzee akisema kumi na sita, yeye ananyamaza. Kimya kinarefuka, watu wanakohoa. Kisha anasema, "Mvua hiyo inatoka ziwani," na funguo zinalia mkononi, kiti kinasogea. Kila funguo zikilia, ng'ombe mmoja anashuka. Utingo alinieleza huku anatafuna kwamba suka huwa hapandishi bei mwenyewe. Anaondoka tu, bei inamfuata.

Mambo yalitaka kuharibika mara moja. Mjomba alisimama, akafungua faili, akawakumbusha wakwe kwamba kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ndoa ni halali hata kama mahari haijalipwa. Sijawahi kusikia sebule ikinyamaza vile. Wajomba wa binti wakadai faini ya mbuzi papo hapo. Suka akawaambia mzee wetu amesafiri vibaya, amekaa juu ya dagaa njia nzima, wamuonee huruma, na mbuzi akageuka kreti ya soda.

Walipofika kumi na tatu mzee mwenye binti akaweka mguu chini. Kumi na tatu, na bahasha iwekwe mezani aione.

Bahasha. Nikagusa mfuko wa koti. Ilikuwapo.

Ndani nako wamegundua, maana nilisikia Shangazi anaanza Salamu Maria upya. Lakini suka hakutetereka. "Utingo!" akaita. "Leta bahasha."

Mwenzangu akaacha kutafuna. Nikainuka mimi. Niliingia pekupeku mbele ya ukoo wa watu, nikapiga goti, nikatoa bahasha kwa mikono miwili juu ya kitambaa cheupe, na dagaa wanne wakatoka nayo. Mzee akawaangalia dagaa. Akahesabu hela, zikatimia. Akahesabu tena.

"Pesa yote hii ulimwachia utingo, akatembea nayo peke yake porini?"

"Mimi na vijana wangu tunaaminiana," akasema suka.

Mzee akatikisa kichwa muda mrefu. Familia yenye mshenga wa namna hiyo, akasema, haiwezi kumtesa binti yake. Wawe kumi na mbili. Vigelegele. Kuku akaletwa, na firigisi ikawekwa kwenye sahani ya suka. Mimi nikaambiwa nirudi nyuma, nimalize ugali.

Jioni, mbali na masikio ya wakwe, suka akatusomea hesabu yake: themanini za gari, gunia la dagaa, na kitu kidogo kwa ajili ya ng'ombe wanane. Tulilipa themanini bila neno. Ng'ombe wanane Baba Mkubwa aliwalipa mwenyewe, tena akitabasamu. Gunia likamkuta Shangazi. "La mchangani," akasema, akataja nusu ya bei. Suka akatazama mbingu. Shangazi naye akatazama mbingu. Suka akalipwa nusu. "Na kamba yangu?" akauliza. Kamba ilikuwa bado chini ya Noah, kwa hiyo ilibidi turudi naye tukaifungue, na kwa kuwa wakwe walikuwa wanatusindikiza mpaka barabarani, nilipanda nyuma, juu ya magunia, mahali pa utingo. Mama wa binti alinifungia viazi vya njiani.

Harusi ilifungwa Septemba. Kadi za upande wa bibi harusi aliziandika mama yake mwenyewe kwa mkono. Ya kwangu aliipokea mke wangu, akaisoma mara mbili kabla ya kuniita. Iliandikwa: "Utingo wa Mshenga. Mtu mmoja."