Kwenye gemu ya Doom si unawaua hao mashetani?
Mwandishi wa makala hii anasema Mkristo asiguse gemu yoyote yenye mashetani, haya, na Doom ya 1993 je? Mle unawapiga risasi hao hao mashetani, huwaabudu wala nini. Mi kinachonikera ni damu na matumbo kila kona. Halafu wazazi msitegemee tu ile namba kwenye kava, 7, 12, 16, ya PEGI, wale wa Ulaya wanaopanga gemu inafaa umri gani; wana alama za matusi, ngono, kamari, ila uchawi hauna alama yake kabisa. Mwanangu nilimkuta na gemu ya kulima mboga, katuni tamu tu, kumbe ndani kuna kasha unalilipia hela hujui litatoa nini, nikamuuliza si kamari hiyo? "Baba, ni kofia tu ya kuku." Nikaifuta.