Dakika Moja ya Ukimya

Naomba nianze kwa kujitetea: watu hucheza karata msibani. Hucheza bao, hucheza drafti, na usiku ukishakolea husimulia hata visa vya marehemu ambavyo mjane hapaswi kuvisikia. Kwa hiyo mimi kukaa nyuma ya turubai na gemu ya mkononi haikuwa kufuru. Kufuru ilikuja baadaye, tena kwa sauti.

Msiba ulikuwa Muheza, wa babu yetu mdogo, aliyetutoka akiwa ameshavuka miaka 90. Zamani alikuwa karani wa shamba la mkonge, na ofisini kwake kulikuwa na kompyuta moja yenye skrini nene kama sanduku la nguo. Likizo zangu za shule ya msingi ziliishia humo, nikicheza Digger. Kwa asiyeijua, ni gemu ya mwaka 1983, kazi ya kampuni ya Windmill Software ya Kanada. Unaendesha kigari kinachochimba mahandaki, unaokota zumaridi, na mazimwi yakikufukuza unayaangushia mifuko ya dhahabu kichwani. Rangi nne tu, na mlio wa spika ya kompyuta za kale, ule wa pii-pii unaopenya hadi kwenye meno.

Siku za karibuni nilikuwa nimenunua Kariakoo kifaa cha gemu, ukubwa wake kama pakiti ya biskuti. Nikakiwekea DOSBox, programu inayoudanganya mchezo wa zamani uamini kwamba bado uko kwenye kompyuta ya enzi zake. Uongo huo una masharti. Digger iliandikiwa kompyuta ya IBM ya mwendo wa megahezi 4.77, na yenyewe haijui kujizuia: ukiipa mashine ya kisasa inakimbia kama kuku aliyeona kisu. Lazima uiwekee breki. Kwenye faili la mipangilio unaandika idadi ya mizunguko, yaani kasi ya ile kompyuta ya kuigiza, na kwa kompyuta ya umri ule 300 hivi inatosha.

Mimi 300 yangu niliiandikia ndani ya basi la Tanga, nikichagua tarakimu moja moja kwa vitufe vya mishale, dereva akiruka matuta ya kabla ya Segera. Tuta moja, sufuri mbili. Ikawa 30000, na sikuona.

Saa tatu usiku umeme haupo, jenereta linanguruma mgongoni kwangu. Nikachomeka hedifoni, nikapandisha sauti hadi mwisho ili nilishinde lile jenereta, nikafungua Digger. Wakati huohuo, mbele huko, mchungaji alikuwa amewasili na mjomba akaashiria jenereta lizimwe ili watu wasikie neno. Likazimwa. Binti aliyekuwa akigawa chai akanipita gizani, waya wa hedifoni ukanasa kwenye sinia lake, ukachomoka.

"Tuinamishe vichwa," mchungaji akasema, "dakika moja ya ukimya."

Hapa lazima nitaje jambo ambalo nilikuwa nimelisahau kwa miaka ishirini na ushei. Kwenye Digger, ukifa, linaota kaburi dogo, na kompyuta inapiga wimbo wa maziko wa Frédéric Chopin, uleule uliopigwa hata siku ya kumzika mwenyewe, Paris, mwaka 1849. Na kwa mizunguko 30000, kufa hakuchukui muda. Sikuwahi hata kugusa kitufe. Zimwi lilitoka pembeni kama bodaboda asiye na taa.

Pii. Pii. Pi-pii.

"Zimeni simu, jamani!" mjomba akanong'ona kwa ile sauti ya kunong'ona inayosikika nyumba ya tatu. Watu wakajipapasa mifukoni. Shangazi akamkazia macho seremala, kwa sababu simu ya seremala ina historia.

Digger ina kitufe cha kunyamazisha muziki. Ni mojawapo ya zile F zilizo juu ya kibodi. Kifaa changu hakina kibodi. Katika F zote nilikuwa nimeipachika moja tu, F1, na F1 ni ya kupigia risasi. Kwa hiyo jambo pekee niliweza kufanya gizani, mbele ya mchungaji na wafiwa, lilikuwa kupiga risasi. Nikapiga. Nikafa tena. Pii. Pii. Pi-pii.

Kitufe cha kuzimia kinataka kushikiliwa sekunde kadhaa, na mwenye hofu hajui sekunde ni ndefu kiasi gani. Nikashika, nikaachia, nikashika. Mwishowe nikafanya alichofanya kila mtoto wa Kitanzania aliyewahi kukamatwa na kitu: nikakikalia.

Wimbo wa tatu ulitoka umefifia kidogo, kama maziko ya mtaa wa pili. Kisha uzito wangu ukabonyeza sijui nini, mchezo ukaanza upya, na kikaingia kile kimuziki cha furaha kinachorukaruka kama bisi kwenye sufuria.

Vichwa vyote viliinuka. Kimoja tu hakikuwa kimeinama tangu mwanzo. Mzee mmoja tunayemwita Afande, mstaafu aliyepuliza tromboni bendi ya polisi, alikuwa amesimama wima, mikono ubavuni, tangu noti ya kwanza. Kilipoingia cha bisi ndipo akalegea na kunitazama.

Baada ya amina akanijia, mjomba nyuma yake.

"Shikamoo, Afande."

"Marahaba. Ule wimbo tumeupiga sana sisi. Lakini hao wa kwako mbona wanakimbia? Marehemu atafika kaburini wazikaji bado wanavaa viatu."

"Ni gemu, Afande."

"Ya nini?"

"Ya kuchimba."

"Kuchimba nini?"

Nilitafuta jibu linalofaa msibani, sikulipata. Mjomba ndiye aliyelipata.

"Kama anapenda kuchimba," akasema, "kesho saa kumi na mbili apewe sururu."

Nikapewa. Sitasimulia sana, udongo wa Muheza ule mwekundu, ukiwa haujaona mvua, haukupi zumaridi wala dhahabu. Kabla ya kwenda nilirekebisha mizunguko ikawa 300, kwa sababu Afande alikuwa ameshakiomba kifaa "akikague".

Niliporudi saa nne, viganja vimejaa malengelenge, jenereta linanguruma. Kwenye ile waya ya kuchajia simu zilikuwa zimechomolewa zote na kupangwa mkekani kama dagaa. Kilichobaki kwenye umeme ni kifaa changu peke yake, kwa amri ya Afande, maana alikuwa amegundua kwamba kikizimika alama zinapotea. Orodha ya washindi ilikuwa AFA kuanzia juu mpaka chini.

"Usiguse," akaniambia bila kuinua macho.

Zimwi likamkamata. Afande akaweka kifaa kitini taratibu, akasimama wima, mikono ubavuni, akausikiliza wimbo mpaka ukaisha. Wanaume waliokuwa wakinywa uji karibu naye, bila kuulizana, wakasimama pia.