Anayewinda Roki ya Kale ya Uturuki Aanze na Santuri Ndogo

Wasafiri wengi wanaofika Istanbul wakiwa na kiu ya roki ya Kituruki ya miaka ya 1960 na 1970, ile ya saikedeliki iliyochanganya gitaa la umeme na nyimbo za vijijini vya Anatolia, sehemu kuu ya Uturuki iliyo upande wa Asia, huwa na orodha ileile mfukoni. Wanatafuta Elektronik Türküler ya Erkin Koray ya mwaka 1974, albamu iitwayo 2023 ya Barış Manço ya mwaka 1975, na albamu ya Selda Bağcan ya mwaka 1976 yenye jina lake. Zote ni santuri kubwa, zote ni kazi za kiwango cha juu, na simlaumu mtu kwa kuzitamani. Hata hivyo, nina maoni ninayoyashikilia kwa dhati: anayesafiri kuwinda muziki huu aelekeze macho na fedha zake kwanza kwenye santuri ndogo, zile za nyimbo mbili zinazozunguka mara 45 kwa dakika, kwa sababu huko ndiko muziki wenyewe ulikozaliwa na kukulia.

Ushahidi umo ndani ya santuri kubwa zenyewe. Santuri kubwa ya kwanza ya Erkin Koray, iliyotoka mwaka 1973, ni mkusanyo wa nyimbo zilizokwisha kuuzwa mbili mbili kwenye santuri ndogo. Ya Barış Manço ya mwaka 1971 ni vivyo hivyo. Cem Karaca naye, alipotoa yake mwaka 1974, aliipa jina refu la kuwashukuru wenzake aliopiga nao, yakiwemo makundi ya Apaşlar, Kardaşlar na Moğollar, kwa kuwa kila wimbo ulikuwa umerekodiwa kwa wakati wake na kwa kundi lake. Katika miaka ile mwanamuziki wa Uturuki, kwa kawaida, hakuingia studio kutengeneza albamu. Aliingia kurekodi upande wa kwanza na upande wa pili, akasubiri kuona watu watazipokeaje nyimbo hizo, kisha akarudi na nyingine. Anayenunua mkusanyo ananunua matokeo yaliyopangwa na kampuni baadaye. Anayenunua santuri ndogo anashika kitu kilekile ambacho kijana wa Ankara au Adana alikishika wiki wimbo ulipotoka.

Chimbuko lenyewe la mtindo huu limefungamana na santuri ndogo. Mwaka 1965 gazeti la Hürriyet lilianzisha shindano la Altın Mikrofon, yaani Maikrofoni ya Dhahabu, lililowataka washiriki kutumia ala za Magharibi katika nyimbo zenye maneno ya Kituruki, ziwe tungo mpya au nyimbo za jadi zilizopangwa upya. Kabla ya hapo mtindo uliotamba ulikuwa wa kuchukua nyimbo za Ufaransa na Italia na kuzitia maneno ya Kituruki. Waliofika fainali walizungushwa mijini, hadhira ikapiga kura, na nyimbo zao zikatolewa kwenye santuri ndogo. Cem Karaca na Apaşlar walishika nafasi ya pili mwaka 1967. Mwaka uliofuata Moğollar walikuwa wa tatu, na ushindi ukaenda kwa bendi ya shirika la mafuta la taifa kutoka mji wa Batman, kusini-mashariki mwa nchi. Bendi ya shirika la umma, kutoka mji wa visima vya mafuta, iliwashinda vijana wa Istanbul waliokuja kuwa magwiji, na sauti yake imehifadhiwa kwenye santuri ambayo wengi huipita bila kuigusa, kwa sababu jina lililoandikwa juu yake haliwaambii kitu.

Ufupi wa santuri ndogo ndio ulioufinyanga muziki huu. Upande mmoja hubeba dakika tatu au nne tu, na katika dakika hizo Waturuki walipaswa kuingiza mashairi ya jadi, midundo inayohesabiwa kwa tisa au saba badala ya nne, gitaa lililokwaruzwa sauti kwa kifaa cha umeme, na mara nyingi bağlama, ile ala ya nyuzi yenye shingo ndefu ambayo Erkin Koray anakumbukwa kwa kuitia umeme. Bendi za Uingereza na Marekani za wakati huo zilipopata santuri kubwa zilijinyoosha, na mpiga gitaa aliweza kutangatanga kwa robo saa. Mturuki hakuwa na nafasi hiyo. Gitaa lake linaingia, linasema lake kwa sekunde ishirini, linampisha mwimbaji. Kwangu mimi ukavu huu ni ubora, na ninaamini ndio unaofanya nyimbo hizi zisichakae.

Chukua Dağlar Dağlar ya Barış Manço ya mwaka 1970, ambayo inatajwa kuwa iliuza zaidi ya nakala 700,000. Kwa kuwa ilienea namna hiyo, ni miongoni mwa santuri ambazo msafiri ana uwezekano mkubwa wa kukutana nazo, na wawindaji wengi huidharau kwa sababu hiyohiyo. Nakala niliyoinunua Kadıköy, Istanbul, ina jina la mwanamke lililoandikwa kwa kalamu ya wino wa buluu kwenye lebo, herufi zikiwa zimeinama kulia, na mikwaruzo myembamba inayoonekana tu unapoielekeza santuri kwenye mwanga wa dirisha. Muuzaji aliifuta kwa kitambaa laini, akaiweka kwenye pikapu ya dukani, yaani mashine ya kuchezea santuri, akashusha sindano taratibu. Kwanza ukasikika mchakarisho wa vumbi la miaka, kisha gitaa kavu, kisha kemençe, fidla ndogo ya muziki wa kale wa kasri la masultani, ikilia juu yake kabla ya Manço kufungua kinywa. Hakuna gitaa la umeme linalonguruma humo, lakini mlango wa yote yaliyofuata uko wazi. Fidla ya wazee na sauti ya kijana mwenye nywele ndefu zimekaa pamoja bila yeyote kumwomba radhi mwenzake.

Sikio lililolelewa na taarabu halipati shida kuingia humo, na sababu yake ni ya kihistoria. Mwaka 1934 serikali ya Uturuki iliuondoa redioni muziki wa Kituruki wa mtindo wa kale, ikitaka wananchi wausikilize wa Ulaya, na marufuku hiyo ilidumu hadi mwaka 1936. Wasikilizaji wengi walizungusha kitufe wakakifuata kituo cha Cairo, na muda si mrefu filamu za muziki za Misri zikajaza kumbi za sinema za Istanbul. Ni Cairo hiyohiyo iliyowafunza wanamuziki wa Zanzibar upangaji wa fidla, kanuni na udi. Waliotengeneza roki ya Anatolia walizaliwa ndani ya masikio hayo, na ndiyo maana Mswahili husikia gitaa la Koray likipanda na kushuka kwa hatua ndogondogo, na hahitaji kufafanuliwa.

Kuhusu mahali pa kutafuta, wengi huanzia Beyoğlu, kwenye vichochoro vinavyotoka barabara ya İstiklal, na katika jengo la Aslıhan Pasajı ambako vitabu vikuukuu na santuri vinauzwa chini ya dari moja. Ni pazuri kwa kujifunza, ila bei za albamu maarufu zimekwisha kulinganishwa na zile za Discogs, tovuti ya kuuzia santuri, hivyo hakuna anayeokota dhahabu hapo. Mimi huona Kadıköy, ng'ambo ya mlango-bahari wa Bosporus, upande wa Asia, pana subira zaidi, na soko la vitu vya kale la Feriköy siku ya Jumapili lina jambo ambalo maduka hayana: masanduku ya mali za nyumbani ambazo hazijachambuliwa, santuri zikiwa zimechanganyika na picha za harusi na vyombo vya shaba. Humo santuri ndogo ndizo zilizo nyingi, kwa sababu ndizo zilizoingia katika nyumba za watu wa kawaida.

Upo pia Unkapanı, ambako ningependa kila mwindaji afike hata kama harudi na kitu. Majengo yale marefu ya zege yalijengwa miaka ya 1960 kwa ajili ya wauza vitambaa, na hadi leo yanaitwa soko la wauza vitambaa la Istanbul, lakini kampuni za santuri na kaseti zilihamia humo hadi jina la Unkapanı likawa ndilo jina la biashara nzima ya muziki nchini. Si mbali na Laleli, mtaa ambao wafanyabiashara wa nguo wa Kariakoo na Eastleigh wanaufahamu vizuri kuliko mimi. Siku hizi biashara ya muziki imepungua sana pale, ila kutembea katika korido zile kunamwonesha mtu kwamba muziki huu ulikuwa bidhaa ya sokoni, iliyouzwa kwa jumla karibu na mitandio na mashuka, na kusafirishwa mikoani kwa makasha.

Ubovu wa nakala ndio hoja kuu ya wanaozikwepa santuri ndogo, na hoja hiyo ina uzito. Zilipigwa kwenye pikapu za bei nafuu zenye mikono mizito, zikapangwa bila majalada, zikabebwa kwenye matembezi na sherehe. Kwa hiyo usinunue bila kusikiliza. Muuzaji mwenye heshima zake atakuwekea, na asiyetaka kukuwekea amekwisha kukupa jibu. Sikiliza pande zote mbili, tena anza na ule wa pili, kwa kuwa huo haukupigwa sana na mara nyingi uko safi zaidi. Na, kwa maoni yangu, huko ndiko makundi mengi yalikojaribu mambo ambayo kampuni isingeyakubali upande wa kwanza. Mikwaruzo ya juujuu inavumilika. Sauti ya kijivu, iliyokwisha kuliwa na sindano mbovu hadi mwimbaji anasikika kama yuko chumba cha pili, haivumiliki, na hakuna usafishaji utakaoirudisha.

Nakala safi zaidi nilizowahi kuziona hazikuwa Istanbul, zilikuwa Ujerumani. Mkataba wa wafanyakazi kati ya nchi hizo mbili ulitiwa saini tarehe 30 Oktoba 1961, na wahamiaji waliofuata walikuwa soko kubwa kiasi kwamba kampuni ya Türküola ilianzishwa Köln mwaka 1964 kuwahudumia. Albamu ya Selda ya mwaka 1976 ilitoka kwenye lebo hiyo. Wahamiaji walikuwa na pikapu nzuri zaidi, walizitunza santuri kama kumbukumbu ya nyumbani, na hawakupitia mapinduzi ya kijeshi ya Uturuki ya tarehe 12 Septemba 1980, yaliyowaandama baadhi ya waimbaji wenyewe. Selda alifungwa mara kadhaa katika miaka iliyofuata mapinduzi hayo. Karaca alikuwa Ujerumani tayari, akavuliwa uraia mwaka 1983 na hakurejea hadi 1987. Msafiri anayepita masoko ya Jumapili ya Köln au Berlin na kuliona sanduku la santuri zenye maandishi ya Kituruki asilipite hata kama juu yake kuna nyimbo za harusi tu.

Wapo watakaoniambia kwamba albamu zile kubwa zilikusudiwa kuwa albamu, na kuzikosa ni kukosa kilele. Nakubali kwamba Elektronik Türküler na 2023 zilitungwa kama kazi nzima, na vivyo hivyo ile ambayo Moğollar waliitengeneza Paris ikapata tuzo ya Académie Charles Cros ya Ufaransa mwaka 1971. Lakini hizi ndizo zilizorudishwa sokoni. Kampuni ya Finders Keepers ya Uingereza ilitoa upya albamu ya Selda mwaka 2006, na mwaka huohuo ikatoa ile ya Mustafa Özkent ya mwaka 1973. Rapa Mos Def akaichukua sauti ya Selda katika wimbo wake wa mwaka 2009, na kundi la Altın Gün la Uholanzi likateuliwa kuwania tuzo ya Grammy kwa kuzipiga nyimbo za hazina hiyohiyo. Anayetaka kilele anaweza kukinunua kikiwa kipya, chenye sauti safi, tena kwa leseni inayomfikishia msanii au warithi wake chochote. Ahakikishe tu kwamba ni toleo lenye kibali, maana mengi yaliyosambaa Ulaya yalinakiliwa bila ruhusa. Nyimbo nyingi za santuri ndogo hazina bahati hiyo. Nyingine zipo tu kwenye nakala zilizobaki, na kila sanduku linalotupwa linaondoka nazo.

Kwa hiyo mwenye mchana mmoja tu Istanbul kati ya ndege mbili avuke kwa kivuko hadi Kadıköy, aombe sanduku la santuri ndogo zisizobandikwa bei moja moja, na atazame lebo za kampuni kabla ya majina ya wasanii: Sayan, İstanbul, Yavuz, Diskotür, Türküola. Achague tano asizozijua, amwombe muuzaji azipige kuanzia upande wa pili, na alipie zile mbili au tatu zilizomsimamisha. Jalada likiwa limechanika asijali. Karatasi ya plastiki ya kuikinga santuri inauzwa dukani humohumo.